Kuchagua Mpangilio wa Picha ya Mandhari ya Mashambani

Mpangilio wa picha ni uamuzi wa mpigapicha kuhusu vitu gani viingie ndani ya fremu, vikae wapi, vifunikane kwa kiasi gani, na vipi viachwe nje. Mchoraji huanza na karatasi tupu na kuongeza kimoja baada ya kingine, ilhali mpigapicha huanza na ulimwengu uliokwisha kujaa, kazi yake ikawa ni kupunguza. Katika mandhari ya mashambani kazi hiyo huwa na ugumu wa pekee, kwa sababu karibu kila kinachoonekana kimewekwa hapo na mtu kwa sababu maalumu: tuta limechimbwa ili kuzuia maji yasichukue udongo, mgomba umepandwa karibu na nyumba ili upate samadi, njia imepinda ili kukwepa konde la jirani. Mandhari ya namna hiyo tayari ina mpangilio wake uliotokana na kazi ya vizazi, na picha iliyo bora ni ile ambayo mpangilio wake umefuata huo wa wakulima badala ya kuugeuza pambo. Msimamo huo ndio unaoongoza maelekezo yote yanayofuata.

Milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto katika mkoa wa Tanga, inafaa kuwa mfano wa kujifunzia. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na kuta zake huinuka ghafla kutoka tambarare kavu ya mkonge hadi kwenye makonde ya kabichi, karoti, viazi na migomba. Katika eneo dogo mpigapicha hukutana na karibu kila tatizo la mpangilio: umbali mkubwa mno, mteremko usio na mahali pa kusimama, ukungu, jua kali, mabati yanayomeremeta, na wingi wa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho huvipenda lakini kamera huvichanganya. Yanayosemwa hapa kuhusu Usambara yanaweza kutumika Uluguru, Upare, Machakos au Kigezi, mradi mwelekeo wa jua na wa mteremko upimwe upya.

Uamuzi wa kwanza hufanywa kabla kamera haijatoka mfukoni. Mtu anapofika ukingoni mwa Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ambapo mlima unaporomoka takribani mita 1,000 hadi Mazinde, hamu yake ya kwanza ni kuchukua yote: mwamba, kijiji kilicho chini, mashamba ya mkonge, barabara, nyika ya Umasai na mawingu juu yake. Picha anayorudi nayo huwa na kila kitu isipokuwa kile kilichomfanya asimame. Sababu ni kwamba macho ya binadamu hayaitazami mandhari yote kwa mara moja. Huruka kutoka kitu hadi kitu, akili ikikuza inachokijali na kufifisha kingine, ilhali lenzi huandika yote kwa uzito uleule. Kwa hiyo mpigapicha anapaswa kwanza kuunda akilini sentensi moja yenye kitenzi, inayotaja vitu viwili na uhusiano wao: msitu unakikinga kijiji, mistari ya mkonge inagonga ukuta wa mlima, njia inapanda ikikwepa makonde. Maneno kama “mlima, kijiji, mawingu” ni orodha tu, na orodha haiwezi kupangwa kwa sababu haisemi kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Sentensi ikishapatikana, vitu viwili vilivyotajwa ndivyo kiini cha picha, na kila kingine hupimwa kwa swali moja tu, kama kinasaidia uhusiano huo au kinauvuruga.

Mpigapicha wa Marekani Ansel Adams, aliyeishi kati ya 1902 na 1984, aliita uwezo huu wa kuiona picha akilini kabla ya kuipiga kuwa msingi wa kazi yake, na alisimulia kwamba aliutambua mwaka 1927 alipopiga ukuta wa mwamba wa Half Dome katika bonde la Yosemite, akitumia kichujio chekundu ili anga igeuke nyeusi na mwamba usimame peke yake. Anga ile haikuwa nyeusi. Aliiamua iwe hivyo kwa sababu picha ilikuwa ya mwamba, wala si ya anga.

Uamuzi wa pili, na pengine ulio mzito kuliko yote, ni mahali pa kusimama. Wengi huamini kwamba lenzi ndiyo inayobadilisha uhusiano wa vitu katika picha, lakini ukweli ni kwamba ukubwa wa kitu kimoja ukilinganishwa na kingine huamuliwa na umbali wa kamera kutoka kwa kila kimoja. Tuseme kuna nyumba iliyo mita 10 mbele ya kamera na kilima kilicho kilomita 2 kutoka kwenye kamera. Mpigapicha akirudi nyuma mita 10, umbali wa nyumba huongezeka maradufu na nyumba hupungua ukubwa kwa nusu, ilhali kilima, ambacho umbali wake umeongezeka kutoka mita 2,000 hadi 2,010 tu, hubaki karibu vilevile. Akitumia sasa lenzi ndefu zaidi, yaani ile inayokuza vitu vya mbali na kubana eneo linaloonekana, ili nyumba irudie ukubwa wake wa awali, kilima kitakuwa kimekua maradufu nyuma yake. Hatua kumi na tano hivi zimefanya kazi ambayo hakuna lenzi ingeweza kuifanya kutoka mahali palepale. Hii ndiyo sababu anayetumia simu asitosheke na kukuza picha kwa vidole akiwa amesimama, kwani kufanya hivyo hukata tu kingo za picha na mara nyingi hupunguza ubora wake. Atembee kwanza, kisha akuze ikiwa bado kuna haja.

Sentensi ya mpigapicha ndiyo inayomwambia aende upande gani. Ikiwa inasema kwamba nyumba ni ndogo chini ya uzito wa mlima, arudi nyuma na akuze; ikiwa inasema kwamba boma la mkulima ndilo kitovu na milima ni mazingira yake tu, asogee karibu na atumie lenzi pana. Kusogea kushoto au kulia nako kuna kazi yake, nayo ni kutenganisha vitu: mti uliogusana na paa, au kilele cha kilima cha mbele kilichogusana na mstari wa kilima cha nyuma, hulifanya jicho la mtazamaji lishindwe kujua kipi kiko mbele. Mara nyingi nusu hatua yatosha kufungua mwanya mwembamba kati yao, na mwanya huo ndio unaoipa picha kina, yaani hisia kwamba mtu anaweza kuingia ndani na kutembea.

Kimo cha kamera hakipewi uzito unaostahili. Picha nyingi hupigwa kutoka kimo cha macho ya mtu aliyesimama, kwa sababu hakuna aliyefikiria kimo kingine. Katika shamba la kabichi lililo tambarare, kimo hicho hufanya safu za mbele zifunike za nyuma, na shamba lote likawa utepe mwembamba wa kijani. Mpigapicha akipanda ukingo wa juu mita mbili tatu tu, safu hufunguka, mifereji kati yake huonekana, na umbo la konde hutokea. Akichutama badala yake, majani ya mbele hukua na kufuta kabisa sehemu ya kati ya mandhari, jambo linalofaa iwapo sehemu hiyo ina nguzo na vibanda visivyohitajika, na lisilofaa iwapo ndiyo yenye habari. Usambara, ambako karibu kila njia inapanda au kushuka, mpigapicha ana bahati ya kuchagua kimo bila kubeba ngazi. Droni nayo hutoa kimo chochote, lakini kuirusha Tanzania au Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na zaidi ya hapo picha inayotazama chini moja kwa moja huondoa upeo wa macho, yaani mstari ambapo ardhi hukutana na anga, na pamoja nao huondoka hisia ya mtu kusimama mahali.

Mwanga ni sehemu ya mpangilio, kwa kuwa vivuli ni maumbo ndani ya fremu sawa na miti na mapaa. Msomaji wa vitabu vilivyoandikwa Ulaya hukuta sifa nyingi za saa ya dhahabu, ule mwanga wa chini na wenye rangi ya joto unaofuata macheo na kutangulia machweo, lakini vitabu hivyo haviandikwi kwa ajili ya Lushoto, iliyo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Huku jua hupanda karibu wima: saa moja baada ya kuchomoza huwa limekwisha fika takribani nyuzi 14 juu ya upeo wa macho, ilhali London mwezi Juni huwa limefika karibu nusu tu ya kimo hicho. Mwanga mzuri kwa hiyo hudumu muda mfupi, na mpigapicha anayeanza kutafuta mahali pa kusimama baada ya jua kuchomoza huwa amechelewa. Mahali patafutwe jana yake, fremu ipimwe, na asubuhi iwe ya kupiga tu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, vivuli hukusanyika chini ya vitu vyenyewe, na miteremko huonekana bapa hata ikiwa mikali. Huo ni wakati wa kutembea na kuandika kumbukumbu.

Mwelekeo wa mwanga hupangiwa kazi kulingana na sentensi. Mwanga wa pembeni, unaokata mandhari kutoka kushoto au kulia, hutupa kivuli nyuma ya kila tuta na kila ukingo, na ndio unaofaa pale ambapo habari ni umbo la ardhi. Mwanga wa nyuma, yaani jua linapokuwa mbele ya kamera, huangaza kingo za majani ya migomba na kuufanya moshi wa jikoni unaopenya kwenye mapaa uonekane, lakini hugeuza sura za miteremko kuwa vivuli vitupu. Mwanga unaotoka mgongoni mwa mpigapicha huonyesha rangi vizuri na kuficha umbo. Ndio ambao watu wengi huuchagua kwa mazoea, na ndio ulio dhaifu kuliko yote kwa mandhari ya milima.

Irente inaonyesha jinsi mambo hayo yanavyoshikamana. Ukingo wake unatazama upande wa kusini-magharibi na magharibi, hivyo asubuhi jua hutoka nyuma ya milima, na kwa hesabu ya kawaida mwanga ungekuwa wa mgongoni, usio na msaada. Lakini mlima wenyewe hutupa kivuli juu ya tambarare, na kivuli hicho kinaweza kukadiriwa: ukuta wa mita 1,000, jua likiwa nyuzi 5 juu ya upeo, hutupa kivuli cha kilomita 11 hivi, na jua likifika nyuzi 15, kivuli hicho huwa kimerudi nyuma hadi chini ya kilomita 4. Kwa muda usiofika saa moja, ukingo wa kivuli husafiri zaidi ya kilomita 7 juu ya mashamba ya mkonge ukielekea mlimani, na mpigapicha aliyejiandaa anaweza kuchagua mahali ambapo mstari huo wa giza na nuru utaigawa fremu yake: uwe nyuma ya kijiji, ili kijiji kibaki kivulini na nyika iwake, au usubiriwe hadi mapaa ya kwanza yashike mwanga huku mashamba yanayokaribiana na mlima yakiwa bado gizani. Katika mandhari isiyosogea, hicho ndicho kitu kimoja kikubwa kinachosogea, na kukisubiri ni kupanga. Alasiri hali hugeuka. Kuanzia saa 9 jua hupiga uso wa mwamba wenyewe, na anayetaka picha ya ukuta wa mlima atembee pembezoni mwa ukingo hadi apate mahali ambapo ukuta unaonekana kwa ubavu, mwanga ukiupitia kwa mshazari. Wakati wa machweo, ambao ndio huwavuta watu wengi, tambarare hujaa vumbi linalong’aa na mistari ya mkonge hupotea, kwa hiyo picha ya wakati huo ni ya anga na ya umbo la ukingo, si ya mashamba.

Utusitusi na ukungu vinastahili kutendewa kama nyenzo. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali, ndivyo hewa iliyo kati yake na kamera inavyokifanya kififie na kuelekea rangi ya buluu, na kwa njia hiyo kila safu ya milima hujitenga na iliyo nyuma yake. Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini-magharibi ambao huitazama nyika ya Mkomazi na Milima ya Upare, ni mahali pa kuona jambo hilo: lenzi ndefu ikielekezwa kwenye migongo ya milima asubuhi yenye utusitusi hutoa picha ya tabaka, kila moja ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia, na mpangilio hubaki kuwa suala la kuchagua tabaka ngapi ziingie na ipi iwe na nafasi kubwa. Baada ya mvua hewa husafishika, na tabaka hizo huungana. Siku hiyo mpigapicha afanye kinyume, ashughulike na mambo ya karibu ambayo rangi zake zimeoshwa. Mwishoni mwa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kuifunika tambarare kabisa, na hakuna kichujio kinachorudisha kisichofika kwenye lenzi.

Mistari ndiyo inayoongoza jicho ndani ya picha, na katika mandhari ya mashambani kila mstari una historia inayopaswa kujulikana kabla ya kutumiwa. Mistari iliyonyooka ya mkonge chini ya Usambara ni ya kilimo cha mashamba makubwa kilichofuata kuingizwa kwa zao hilo na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ni mistari ya rula, iliyopimwa na wapima ardhi na kulimwa na vibarua. Juu mlimani mistari hupinda, kwa sababu huko mipaka ya makonde imefuata vijito, miamba na urithi wa familia. Kwenye baadhi ya miteremko kumbukumbu ni chungu zaidi, kwa kuwa katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Washambaa kuchimba matuta ya kuhifadhi udongo, na wakulima, walioyaona kuwa mzigo mkubwa wenye faida ndogo, waliyapinga hadi mpango ukaachwa. Machakos, nchini Kenya, matuta ya fanya juu, yanayojengwa kwa kuurusha udongo upande wa juu wa mtaro, yamekuwa sehemu ya sura ya Ukambani, na mwanga wa pembeni wa asubuhi huyaonyesha kuliko mwanga mwingine wowote.

Ujuzi huo si wa ziada. Mpigapicha anayejua kwamba mstari ulionyooka na uliopinda ni aina mbili za umiliki wa ardhi atatafuta mahali ambapo zinakutana, yaani pale chini ya mlima, na kuufanya mkutano huo kuwa kiini chake, ilhali asiyejua atachukua mistari ya mkonge kwa uzuri wake tu na kukata mlima. Kuhusu utendaji, mstari unaoingia kutoka karibu na pembe ya chini ya fremu huliingiza jicho ndani kwa wepesi, lakini ukiingia kwenye pembe yenyewe hasa huifanya picha ionekane imekatwa. Mstari unaoelekea nje ya ukingo wa kulia au wa kushoto hulitoa jicho nje, hivyo uzuiwe na mti au kichaka au ugeuzwe kwa kubadili mahali pa kusimama. Njia inayopinda na kupotea nyuma ya kilima hutosha yenyewe; si lazima mwisho wake uonekane. Kinacholazimika ni kwamba mstari ufike kwenye kiini, kwani njia inayolipeleka jicho mahali pasipo na kitu humwacha mtazamaji akitafuta.

Kanuni ya theluthi, ambayo wengi hufundishwa kwanza, imewekwa hapa nyuma kwa makusudi. Kwa jinsi inavyofundishwa leo, fremu hugawanywa kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, na kitu muhimu huwekwa mahali mistari inapokatana. Simu nyingi zina gridi hiyo ndani ya mipangilio ya kamera. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika kwa jina hilo mwaka 1797 katika kitabu chake kuhusu mandhari ya mashambani, chenye michoro ya nyumba za wanakijiji, naye alikuwa akiendeleza maoni ya mchoraji Joshua Reynolds kuhusu uwiano wa mwanga na giza. Kilichomshughulisha Smith hakikuwa sehemu za kukatana mistari, bali uwiano wa maeneo: kwamba picha isigawanywe nusu kwa nusu kati ya ardhi na anga, wala kati ya giza na nuru, bali upande mmoja utawale kwa theluthi mbili na mwingine ufuate kwa theluthi moja. Kwa maana hiyo ya asili kanuni ina busara kubwa, kwa sababu inamlazimisha mpigapicha kuamua. Anga yenye mawingu ya vuli yanayojikusanya juu ya Magamba inaweza kustahili theluthi mbili. Anga nyeupe ya Januari isiyo na umbo haistahili hata moja, na itolewe kabisa au iachiwe utepe mwembamba juu ya mgongo wa mlima. Upeo wa macho kukaa katikati huruhusiwa pale tu nusu mbili zinapokuwa na uzito sawa kwa sababu ya kweli, kama katika majaruba ya mpunga yaliyojaa maji huko Mwea, ambako anga iko juu na chini pia.

Sehemu ya mbele ya picha, ile iliyo karibu na miguu ya mpigapicha, imegeuzwa na mafunzo mengi kuwa sharti, hata ikaonekana kwamba kila picha ya mandhari lazima iwe na jiwe au ua mbele yake. Sehemu ya mbele inayofaa ni ile inayoshiriki katika sentensi: karoti zilizong’olewa na kufungwa mafungu kando ya njia inayoshuka kuelekea barabara ya Soni na Mombo zinaeleza njia hiyo ni ya nini, ilhali ua la mwitu lililotokea tu kuwepo linagombania nafasi. Ikiwa sehemu ya mbele inahitajika, iwe kali pamoja na ya nyuma. Kwa kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya milimita 24 na tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, likiwa limewekwa kwenye f/11, fokasi ikielekezwa kwenye kitu kilicho umbali wa mita 1.8 hivi huleta ukali unaokubalika kuanzia karibu sentimita 90 hadi kwenye milima ya mbali. Simu hazina shida hiyo kwa sababu kihisi chake ni kidogo. Jambo lisilopaswa kuhitaji maelezo, lakini linahitaji, ni kwamba hakuna sehemu ya mbele inayostahili kupatikana kwa kukanyaga miche ya mtu.

Kingo za fremu zikaguliwe kabla ya kubonyeza, kwa kulizungusha jicho pole pole kuanzia pembe moja hadi kurudi hapohapo. Jicho la mtazamaji huvutwa na mahali penye mwanga mkali kuliko pote, na maandishi, na rangi nyekundu, na umbo la binadamu hata likiwa dogo sana. Bati jipya linaloakisi jua linaweza kuiua picha nzima kwa nukta moja nyeupe. Lakini kwa kuwa mwako huo hutegemea pembe kati ya jua, bati na kamera, kusogea hatua chache au kusubiri dakika chache huuondoa. Nguzo ya umeme si adui wa lazima, kwani kijiji chenye umeme ni kijiji cha leo, na kuificha kila nguzo ili mashamba yaonekane ya kale ni kusema uongo kuhusu watu wanaoishi hapo. Nguzo ikatazwe pale tu inapomea kutoka kichwani mwa mtu au kukata mstari wa mlima mahali pabaya.

Mtu ndani ya mandhari hutoa kipimo, kwa maana kwamba ukubwa wa mteremko haujulikani hadi aonekane anayeulima. Lakini mtu huyo si kipimo tu. Mpigapicha anayetaka kumweka mkulima ndani ya fremu ashuke hadi alipo, asalimie kama inavyostahili umri wake, aeleze anachofanya na aombe ruhusa, na akikataliwa afunge kamera. Mazungumzo hayo, mbali na kuwa ni adabu, mara nyingi huboresha mpangilio wenyewe, kwa sababu mwenye shamba anajua ukungu hupanda saa ngapi, jua hufika konde lipi kwanza, na njia ipi inafika kwenye ukingo ambao mgeni asingeuona. Mtu akishakubali, awekewe nafasi mbele ya uelekeo wake, ili aonekane anakwenda ndani ya picha, na asimame au ainame mahali ambapo nyuma yake pana rangi moja tulivu, kama ardhi iliyolimwa au ukungu.

Fremu ya wima isisahauliwe. Mandhari hulazwa kwa mazoea, lakini mteremko wa Usambara wenye mto chini, migomba katikati na msitu juu ni habari ya kupanda, na fremu ya wima huieleza bila kuongeza visivyohitajika pembeni. Mashamba ya chai, kwa mfano ya Mufindi au Kericho, hudai njia nyingine, kwa kuwa kijani chake ni kimoja na hakina tofauti ya mwanga. Huko njia nyembamba za wachumaji ndizo mistari pekee, na anga yenye mawingu mepesi hufaa kuliko jua.

Picha zikishapigwa, zipunguzwe kwenye kioo hadi ukubwa wa kiganja cha mtoto na kutazamwa hapo kwanza, maana katika udogo huo mambo madogo hutoweka na kinachobaki ni mpangilio mtupu: maeneo ya giza, ya nuru, na mistari inayoyaunganisha. Ile ambayo sentensi yake bado inasomeka katika udogo huo ndiyo ya kuchaguliwa, hata kama nyingine ina rangi nzuri zaidi. Kukata kingo baadaye kunaruhusiwa, ila kukata zaidi ya robo ya picha ni dalili kwamba mahali pa kusimama hapakuwa penyewe, na daftari liandike hivyo pamoja na mahali, saa na mwezi. Kumbukumbu ya mwezi ina uzito sawa na ya saa, kwa kuwa katika latitudo ya Lushoto jua la Juni hupita upande wa kaskazini na kuiacha miteremko inayotazama kusini bila mwanga wa kutosha, na jua la Desemba hupita upande wa kusini na kuiangaza hiyohiyo, hivyo mahali palipokataliwa katika safari ya kipupwe panafaa kurudiwa kabla ya mwaka kwisha.